NGURUMO SI MVUA: MPANGO WA BUSTANI KWA ASKARI WA MPAKANI

Kwa miaka mingi wakazi wa Tororo na Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya pia, wamelima kwa kuhesabu miezi. Machi ilipoingia, jembe lilishikwa. Juni au Julai mavuno yaliingia nyumbani. Agosti ardhi ikapinduliwa tena kwa msimu wa pili. Kalenda hiyo waliirithi kwa wazazi wao, nayo haikuwadanganya mara nyingi. Siku hizi kalenda ile ile yaweza kumponza mtu aifuataye bila kufikiri, kwa kuwa mvua yaweza kutangulia, yaweza kuchelewa, na yaweza kuanza vizuri kisha ikakatika miche ikiwa bado na majani mawili.

Mkulima wa kijijini hupata taabu kwa jambo hili. Askari apandaye mboga nyuma ya nyumba yake kambini au kituoni hupata taabu mara mbili. Yeye yuko chini ya mambo mawili yasiyomwomba ruhusa: mvua isiyosoma kalenda, na amri ya uhamisho isiyongoja mavuno. Kwa hiyo, ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, twapenda kuzungumza nanyi leo juu ya mpango wa bustani ya nyumbani utakaostahimili mambo hayo yote mawili.

Wala jambo hili si dogo. Familia ya askari hununua mboga kila siku, na bei ya mboga hupanda wakati wa kiangazi ilhali mshahara hubaki pale pale. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa wasafiri kwa sababu ya maradhi ya korona, na malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Busia, ilidhihirika kwamba hata soko lililo ng'ambo ya barabara laweza kuwa mbali. Mwenye kunde na mchicha uani mwake hakuhitaji kungoja lango lifunguliwe.

NCHI NA MAJIRA YAKE

Nchi hii ni ya miinuko midogo na mabonde yenye majani ya maji, mita 1,100 hadi 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto Malaba na Mto Sio, ambayo kwa sehemu ndiyo mpaka wenyewe wa nchi mbili, huipitia. Malaba huelekea magharibi hadi maji yake yafike Ziwa Kyoga, na Sio huelekea kusini hadi Ziwa Viktoria. Wateso, Wasamia na majirani zao wana ndugu pande zote mbili, na wote hupanda karibu mazao yale yale: wimbi, mtama, muhogo, viazi vitamu, karanga, mahindi na maharagwe.

Mvua za kwanza, zilizo kubwa, kwa desturi huanza Machi na kuendelea hadi Juni. Mvua za pili huanza Agosti au Septemba na kwisha mwezi wa Novemba. Kuanzia Desemba hadi Februari ni kiangazi. Katikati, yaani Juni na Julai, mvua hupungua kidogo, na huo ndio wakati wa kuvuna na kuanika.

Kipindi kigumu kwa chakula si kiangazi peke yake. Aprili na Mei, mashamba yakiwa yamependeza kwa ukijani, ndipo chakula cha mwaka uliopita huwa kimekwisha na kipya hakijakomaa. Mpango wowote wa bustani usiojaza pengo la miezi hiyo miwili haujakamilika.

MAJIRA YAMEPATWA NA NINI?

Watu wengi huuliza kama kweli majira yamebadilika, au ni manung'uniko tu ya wavivu. Tukumbuke mambo machache yaliyotokea karibuni.

Mwishoni mwa mwaka 2019 Afrika Mashariki ilipata mvua nyingi kupita kiasi. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyo karibu nasi, ilikuwa imepata joto kuliko sehemu ya mashariki yake, na hewa yenye unyevu ikamiminwa huku kwetu. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango kilichozidi kidogo hata kile cha mwaka 1964, na Mto Nzoia ukafurika Budalangi, katika Kaunti ya Busia. Mwaka ule ule nzige wa jangwani waliingia kutoka kaskazini, na askari wa jeshi la Uganda wakatumwa Karamoja kuwapulizia dawa.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2022 Karamoja ilikuwa katika njaa kali; na katika mwaka huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, mafuriko yaliukumba mji wa Mbale, ulio kaskazini tu mwa Tororo, yakaua watu. Njaa na gharika ziliikuta nchi moja katika msimu mmoja.

Kwa hiyo kosa kubwa ni kujiandaa kwa upande mmoja tu. Kamanda mwenye busara hapeleki kikosi chake chote kwenye lango moja. Hali kadhalika mwenye bustani asipande mbegu zake zote kwa siku moja, wala asitegemee zao moja.

NGURUMO SI MVUA

Tororo ina sifa ambayo wengi wenu mnaoishi chini ya jiwe lile kubwa la mji mnaijua kwa masikio. Vitabu vya kumbukumbu za dunia viliandika kwamba katika miaka 10 kuanzia 1967 hadi 1976, Tororo ilisikia ngurumo za radi kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Ni miji michache sana duniani iwezayo kushindana nayo.

Sifa hiyo ndiyo mtego. Mwezi wa Februari au mapema Machi radi hunguruma, mawingu hujikusanya, manyunyu ya siku moja hushuka, na watu hukimbilia mbegu. Baada ya hapo jua hurudi kwa wiki mbili. Mbegu zilizoota hukauka, na zile ambazo hazijaota huliwa na wadudu. Mwenye mbegu nyingine hupanda tena. Asiye nazo hukopa.

Kipimo kimojawapo wakitumiacho wataalamu wa hali ya hewa wa kanda yetu ni hiki: msimu huhesabiwa kuwa umeanza mvua ikifika milimita 20 ndani ya siku 3, bila kufuatwa na ukavu wa siku 7 mfululizo katika wiki 3 zinazofuata. Mwenye bustani hawezi kuyajua ya wiki tatu zijazo, lakini milimita 20 aweza kuzipima. Na achukue mkebe ulionyooka kutoka mdomoni hadi kitakoni, auweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila asubuhi apime maji kwa rula ya mtoto wa shule kisha ayamwage. Aidha, achimbe kwa jembe kina cha kiganja kizima: udongo wa chini ukishikamana anapoufinyanga, na apande, ukimomonyoka, na angoje.

Juu ya hayo yako matangazo. Idara za hali ya hewa za Uganda na Kenya hutoa utabiri wa kila msimu, na kituo cha kanda cha ICPAC kilicho Kenya huwakutanisha wataalamu wa nchi zetu kabla ya misimu ya mvua. Utabiri si ahadi. Ni kama taarifa ya upelelezi: haikwambii kila kitu, bali mwenye kuidharau hujuta.

Na radi yenyewe isichezewe. Inaponguruma, acha jembe chini, ondoka bustanini, ingia nyumbani. Usijikinge chini ya mwembe.

MPANGO WA MWAKA

Desemba hadi Februari: Kiangazi ni wakati wa kazi, si wakati wa kulala. Kusanya majani, maganda, majivu na samadi, uyarundike kivulini na kuyanyunyizia maji yaliyokwisha kutumika, ili Machi uwe na mboji. Usichome majani makavu. Yatandaze juu ya matuta yazuie jua lisinyonye unyevu. Chagua tuta moja dogo karibu na mahali pa kuogea au pa kuoshea vyombo, ulifanye kitalu cha kiangazi. Maji ya jerikeni moja yaliyokwisha kuosha sahani yaweza kuihifadhi sukumawiki hadi mvua irudi, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Katikati ya Februari sia mbegu za sukumawiki, nyanya na vitunguu kitaluni chini ya kivuli cha nyasi, kwani miche huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhamishwa.

Machi na Aprili: Mvua ikithibitika, panda kwa awamu. Gawa mbegu zako za maharagwe na kunde mafungu matatu. Fungu la kwanza lipande mara moja, la pili baada ya siku 10, na la tatu liwe akiba. Mvua ikikatika, utakuwa umepoteza theluthi moja tu, nayo akiba itaziba pengo. Ikiendelea vizuri, utavuna kwa zamu badala ya kuvuna yote kwa wiki moja. Usisahau mboga za kienyeji: mchicha, ambao Waganda huuita dodo, mgagani, mnavu na kunde. Mchicha na majani ya kunde huliwa baada ya wiki 3 au 4 tu, na hayo ndiyo yanayolisha nyumba katika pengo la Aprili na Mei.

Mei na Juni: Palilia mapema, na kagua mahindi kila asubuhi kama ukaguavyo lindo. Viwavijeshi vamizi, wadudu wa asili ya Amerika, waliingia katika nchi zetu mwaka 2016 na 2017, nao hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi. Katika bustani ndogo waokotwe kwa mkono na kuuawa; watu wengi pia hutia majivu au mchanga mkavu mle kikonyoni. Kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, na ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa sababu mbegu zake huishi udongoni zaidi ya miaka 10. Msimu ufuatao pabadilishe mahali hapo kwa karanga au maharagwe.

Julai na Agosti: Vuna, anika na chagua mbegu. Mara tu mvua za pili zinapoanza, panda viazi vitamu, maharagwe na kunde. Msimu huu ni mfupi, kwa hiyo yafaa mazao yakomaayo upesi. Maharagwe huhitaji siku 70 hadi 90. Karanga hukaribia miezi minne. Asiyepanda karanga kufikia katikati ya Septemba na ashike maharagwe.

Septemba hadi Novemba: Mvua zikizidi kama zilivyozidi mwaka 2019, adui si ukavu bali maji yaliyotuama. Inua matuta, chimba mifereji midogo ya kuyaondoa maji, na usipande nyanya bondeni. Mwezi wa Novemba, kabla ardhi haijakauka, anza kuweka akiba tutakayoieleza hapa chini.

KWA WASIO NA ARDHI

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wenye nafasi, na kwamba aishiye katika nyumba ya mabati ya mviringo, mlango kwa mlango na mwenziwe, hana pa kupanda hata kitunguu. Kwao gunia lipo.

Chukua gunia zuri na mkebe mkubwa usio na kitako. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze kokoto, na kando yake jaza udongo uliochanganywa na samadi. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena, na uendelee hivyo hadi gunia lijae, nguzo ya kokoto ikiwa katikati. Maji yakimwagwa juu ya kokoto huteremka hadi chini na kusambaa. Toboa matundu ubavuni, pandikiza miche ya sukumawiki au mchicha, na juu panda vitunguu. Gunia hilo huchukua nafasi ya kiti kimoja, hutumia maji machache, na mafuriko yakija huinuliwa kwa mikono ya watu wawili wenye nguvu, ambao kambini hawakosekani.

AKIBA HAIOZI

Jeshi lisilo na akiba limeshindwa kabla ya vita. Bustani nayo ina akiba tatu.

Ya kwanza ni mbegu kavu. Chagua mimea mizima kuliko yote, si iliyobaki baada ya kula. Anika vizuri, changanya na majivu yaliyopoa, tia katika chupa au jerikeni kavu, ufunge kabisa. Ukipenda kuweka mbegu za mahindi, tumia aina isiyo chotara, kama vile Longe 5 ya Uganda, maana mbegu zilizovunwa kwa chotara hazitakupa mazao yale yale.

Ya pili ni mbegu za viazi. Wengi hupoteza marando yote kiangazi na kuanza kuyatafuta Aprili, wakati wenzao wamekwisha kupanda. Watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Uganda wameonyesha njia rahisi: chagua viazi vidogo visivyo na kidonda, vifukie katika beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba, na wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipande katika kitalu na kuvimwagilia. Vitachipua, na mvua itakapofika marando yatakuwa tayari. Bora viwe viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyompa mtoto vitamini A kwa ajili ya macho na afya yake. Kazi ya kuvieneza viazi hivyo ilitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliotunukiwa alikuwa Mganda, Dakta Robert Mwanga.

Ya tatu ni muhogo, ghala lililo chini ya ardhi. Mashina machache kando ya ua yaweza kungoja mwaka mzima bila kuoza. Lakini chagua vipande vya kupanda kutoka kwenye mashina yenye majani safi. Ugonjwa wa batobato uliangamiza muhogo wa Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ukavuka mpaka hadi magharibi mwa Kenya. Ulisafiri na inzi weupe, na ulisafiri pia katika vipande vya muhogo vilivyobebwa na watu wema waliotaka kuwasaidia ndugu zao. Mtumishi wa mpakani yampasa alikumbuke hilo.

AMRI YA UHAMISHO IKIFIKA

Sasa tufikie jambo ambalo vitabu vya kilimo haviligusi. Askari hulima Machi, huhamishwa Mei. Nyuma yake huacha mahindi yenye urefu wa kifua. Ama huyafyeka kwa hasira, ama huyaacha yaliwe na mbuzi wa kambi, ama mke hubaki nyuma na watoto akingoja mavuno peke yake. Na yule aletwaye mahali pake hukuta kichaka, na huanza upya katikati ya msimu, wakati wa kupanda umekwisha kupita. Hivyo kambi yaweza kukaa miaka 20 juu ya ardhi nzuri, na bustani zake zisivuke umri wa msimu mmoja.

Dawa yake ipo, nanyi mnayo tayari katika kazi yenu. Hakuna lindo linaloachwa bila kukabidhiwa, wala kituo kinachokosa kitabu cha matukio. Kwa nini bustani iachwe bila kukabidhiwa? Yatosha daftari moja la shule. Andikeni humo tarehe mvua ilipoanza na milimita zilizopimwa. Kilichopandwa, wapi na lini. Mdudu gani alionekana. Mbegu gani ziliwekwa na ziko wapi. Aondokaye na aondoke na theluthi ya mbegu zake kama marupurupu ya safari, zilizobaki amwachie ajaye pamoja na daftari. Ajaye naye, huko atokako, atakuwa amemwachia mwingine. Kila mmoja atapoteza bustani moja na kupata bustani moja.

Daftari hilo litaleta faida nyingine. Mwenyeji hukumbuka miaka 40 ya mvua za kijiji chake. Askari mgeni hakumbuki hata mmoja. Miaka mitano ya tarehe zilizoandikwa kwa uaminifu itamwonyesha mgeni jinsi mvua za mahali hapo zinavyocheza, na hataponzwa na ngurumo ya kwanza. Tena awaulize wazee na akina mama wa jirani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza: mpe na daftari.

Nchini Uganda somo la wakati lilionekana wazi askari walipopewa jukumu la kugawa mbegu na miche, kuanzia mwaka 2014, chini ya mpango wa Operation Wealth Creation. Lalamiko lililosikika mara nyingi kwa wakulima lilikuwa moja: miche kufika mvua zikiwa zimekwisha kupita. Mche bora uliochelewa wiki tatu ni kuni.

Asidhani mtu kwamba jembe humpunguzia askari heshima. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipoona meli zao za chakula zikizamishwa, waligeuza hata handaki kavu linaloizunguka ngome ya kale ya London kuwa bustani ya mboga. Handaki lililochimbwa kuwazuia maadui likazuia njaa.

Ndugu askari, mvua za kesho hatuzitawali, wala tarehe ya uhamisho. Mkebe wa kupimia mvua, mafungu matatu ya mbegu, beseni la mchanga na daftari vimo katika uwezo wa koplo kama vilivyo katika uwezo wa ofisa. Kila mwenye nyumba kambini na aanze kwa tuta moja, au kwa gunia moja, kiangazi hiki kijacho, kabla radi ya Februari haijaanza kunguruma.